Maswali yenu: Kanisa liliingiaje kwenye komoni loo?

Mmeuliza mengi kuhusu komoni loo, ile sheria ya Waingereza inayojengwa na hukumu za majaji na sisi tukairithi, najibu machache.

Ni kweli imetoka kwenye Biblia?

Hapana bwana. Mwaka 1676 jaji Matthew Hale alisema Ukristo ni sehemu ya sheria za Uingereza, watu wakaing'ang'ania hiyo kauli mpaka 1917 Baraza la Malodi, wakati huo mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, likasema yale yalikuwa maneno tu. Kanisa liliingia zaidi kupitia watu wake na taratibu zake, mistari ya Biblia ni ya kuhesabu.

Na juri, wale raia wanaoamua kama mtu ana hatia, imetoka kanisani?

Imetoka kwa kanisa kujitoa, hapa ndo patamu. Zamani mtuhumiwa alibebeshwa chuma cha moto, anapiga nacho hatua kadhaa, mkono unafungwa kitambaa, baada ya siku tatu padri anafungua anaangalia, kidonda kikiwa safi basi Mungu kasema huna hatia, kikitunga usaha umekwisha. Sasa 1215 Mtaguso wa Laterano, mkutano mkuu wa kanisa, ukawakataza mapadri kubariki hayo mambo, na bila padri hakuna kipimo, majaji wa Uingereza wakabaki wameduwaa. 1219 wakapewa maelekezo ya muda: wa makosa mazito wakae ndani, wa kati wahame nchi, wa madogo waweke dhamana. Yaani unahamishwa nchi na hujahukumiwa! Mdogo mdogo wakazoea kuwauliza majirani walioapishwa, wakaja kuwa 12, huyu kafanya au hajafanya? Ndo juri hiyo.

Eti ukijua Zaburi ulikuwa hunyongwi?

Kweli kabisa. Makasisi walikuwa na haki ya kwenda mahakama za kanisa, ambazo hazinyongi, na kipimo cha ukasisi kikaja kuwa kujua kusoma. Basi kila mwizi kasisi! Unapewa Zaburi 51, "Ee Mungu, unirehemu", ukiisoma shingo imepona, na wasiojua kusoma wakaikariri. Ben Jonson, yule mwandishi wa tamthilia, aliua mtu 1598 akapona hivyohivyo, akachomwa alama kwenye kidole gumba. Haki hiyo ilifutwa 1827.

Msamaria Mwema naye yumo?

Yumo. Bi Donoghue alidai mahakamani kwamba alikuwa anakunywa soda ya tangawizi mgahawani Paisley, Scotland, chupa nyeusi haionyeshi ndani, rafiki yake alipomimina iliyobaki akatoka konokono kaoza. Soda kanunua rafiki, kwa hiyo mama hana mkataba na mtu yeyote wa kumshtakia. Mwaka 1932 jaji Lord Atkin akachukua lile swali aliloulizwa Yesu, "jirani yangu ni nani?", akajibu ni yule ambaye ulipaswa kuona kwamba uzembe wako utamuumiza, na mtengeneza soda akabanwa hapo. Ila upendo aliupunguza ukawa usimdhuru tu, maana komoni loo haikulazimishi kusimama njiani kumsaidia majeruhi usiyemjua.

Huku kwetu ilituathiri wapi?

Kwenye ndoa, na iliuma. 1866 jaji wa Uingereza, Lord Penzance, alisema ndoa kwa maana ya Kikristo ni mume mmoja na mke mmoja wa maisha, kuwatenga wengine wote. Hiyo fikra ikapanda meli, na 1917 Kenya, kesi ya Amkeyo, Jaji Mkuu Hamilton akasema ndoa ya kimila ni kama kununua mke, hivyo mke wa mshtakiwa hapati ile kinga ya mke ya kutolazimishwa kutoa ushahidi dhidi ya mumewe. Kununua! Tanzania wakatunga Sheria ya Ndoa 1971, muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke unaokusudiwa kudumu maisha yao yote, ule mkia wa Penzance wa kuwatenga wengine wakaukata.