Vidonge vya kitunguu saumu na warfarin

SWALI: Nina vali ya bandia ya moyo na natumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda. Naweza kuongeza vidonge vya kitunguu saumu?

JIBU: Usivianze kabla ya kuzungumza na daktari wako. Kitunguu saumu cha kawaida kwenye mchuzi si tatizo. Kidonge kina dozi iliyokolezwa, nayo hupunguza uwezo wa chembe sahani (chembe za damu zinazosaidia kuziba jeraha) kushikamana. Juu ya warfarin, damu inaweza kuvuja kwenye fizi, tumboni, hata ubongoni. Na INR, kipimo cha kasi ya damu kuganda, huenda ikasomeka sawa tu, maana haipimi chembe sahani. Umeshaanza? Acha vidonge vya kitunguu saumu, lakini usiache warfarin (bila hiyo damu huganda kwenye vali), kisha mjulishe daktari na upime INR. Ukiona choo cheusi kama lami, nenda hospitali mara moja.