Je, Waziri anaweza kulifungia gazeti?

SWALI: Ndugu Mhariri, hapa kijiweni Ngamiani, Tanga, ambapo gazeti moja huzunguka mikononi mwa wanywa kahawa hadi likachakaa, twabishana: je, Waziri anaweza kuzuia habari bila ya hukumu ya mahakama?

JIBU: Ndugu msomaji, Ibara ya 18 ya Katiba inatupa uhuru wa maoni, lakini kifungu cha 59 cha Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 kilimpa Waziri mamlaka ya kuzuia maudhui yanayohatarisha usalama wa taifa. Machi 2019, Mahakama ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha ilitamka kwamba vifungu kadhaa, kikiwemo hicho, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Kinachonisikitisha zaidi ni leseni ya kuchapisha gazeti, kwani mhariri anayehofia kuipoteza huifuta habari mwenyewe, nanyi wasomaji hamjui mlichonyimwa.