Cheti cha makro kikiisha muda: mambo niliyojifunza

Ilikuwa siku ya kufunga hesabu za mwezi. Mhasibu akanipigia simu: "Nabonyeza kitufe cha mishahara, hakuna kinachotokea." Faili lilikuwa lilelile la Excel, makro (programu ndogo zilizomo ndani ya faili) zilezile, na hakuna aliyegusa msimbo tangu wiki iliyopita. Kilichobadilika ni tarehe tu. Cheti cha kidijitali, yaani kitambulisho cha elektroniki nilichotumia kusaini makro zile, kilikuwa kimeisha muda usiku wa kuamkia siku ile, na kompyuta zetu zimewekwa kukubali makro zenye sahihi halali peke yake.

Kosa langu la kwanza siku ile lilikuwa kumwambia alegeze mpangilio wa usalama ili kazi iende. Usifanye hivyo. Watu wakishazoea kuruhusu kila makro, hawarudi nyuma, na makro ni mlango ambao wahalifu wameutumia miaka na miaka. Ndiyo maana mwaka 2022 Microsoft ilianza kuzuia moja kwa moja makro za mafaili yanayotoka kwenye intaneti.

Kumbe tatizo lenyewe lilikuwa na dawa ambayo ningeitumia tangu mwanzo: muhuri wa muda. Unaposaini, seva ya nje inathibitisha kwamba sahihi iliwekwa saa fulani, siku fulani. Cheti kikija kuisha, Office inatazama muhuri, inaona sahihi iliwekwa cheti kikiwa hai, na makro inaendelea kufanya kazi. Bila muhuri, sahihi inakufa pamoja na cheti. Na huwezi kuuongeza baadaye kwa cheti kilichokwisha. Lazima usaini upya kwa cheti kipya.

Kihariri cha VBA, yaani dirisha la Office la kuandikia makro, hakikuulizi habari za muhuri. Unakiambia wewe, kwenye rejista ya Windows (hifadhi ya mipangilio ya mfumo), chini ya HKEY_CURRENT_USER\Software\Microsoft\VBA\Security, kwa kuweka thamani iitwayo TimeStampURL yenye anwani ya seva ya muhuri. Mtoa cheti wako atakupa anwani hiyo. Kisha nenda menyu ya Tools, Digital Signature, chagua cheti, hifadhi faili. Usiishie hapo: fungua maelezo ya sahihi uhakikishe saa ya muhuri imo. Mimi hukagua kila faili, hata ninapokuwa na haraka.

Kupata cheti kipya nako kuna mtego. Kompyuta za wenzako zinaamini kile cha zamani, kilichomo kwenye orodha ya wachapishaji wanaoaminika. Kipya hazikijui, hata kama jina la mwenye cheti ni lilelile. Kwa hiyo kisambaze kwanza kwenye mashine zote, kwa sera ya kikundi (mipangilio ambayo msimamizi hutuma kwa kompyuta zote kwa pamoja) kama mnayo, ndipo usaini mafaili. Ukigeuza mfuatano huo, asubuhi utapokea simu kama ile ya mhasibu.

Tena, tangu Juni 2023 ufunguo wa siri, ule unaoweka sahihi, wa cheti kinachotolewa na mamlaka ya vyeti inayoaminiwa na umma lazima ukae ndani ya kifaa maalumu, si faili unalonakili popote. Jua kifaa hicho kiko kwa nani, na nani anakishika mtu huyo akiwa likizo. Kuanzia Machi 2026 vyeti vipya vya aina hii havidumu zaidi ya siku 460, kwa hiyo kazi hii itakurudia mara nyingi zaidi kuliko zamani.

Sasa nina jedwali dogo: jina la faili, nani analitumia, limesainiwa kwa cheti kipi, lina muhuri au halina, cheti kinaisha lini. Kikumbusho kinalia siku 60 kabla. Safu ninayoitazama zaidi ni ile ya watumiaji, maana mtu akibadilisha msimbo kwenye mashine isiyo na ufunguo, sahihi inaondoka akihifadhi. Wiki iliyopita nilikuta mafaili mawili ya namna hiyo, yote ya idara moja. Nimekubaliana nao kwamba mabadiliko ya msimbo yapitie kwangu.