Shangazi, mke wangu ameanikia nguo kamba yangu ya kupandia miamba

Shangazi, shikamoo. Nina miaka 36, nakaa Unguja, kazi yangu kutembeza watalii. Miaka mitatu nyuma wageni walinifundisha kupanda miamba kwa kamba na tangu hapo nahisi nimezaliwa upya. Hapa kwetu hakuna miamba ya maana, basi kila baada ya miezi miwili nakwenda Kenya, Lukenya na Naivasha, napanda na rafiki yangu. Mke wangu hanielewi. Nikifunga begi tu ananuna bila ya sababu. Mwezi uliopita nimerudi kazini nikakuta ameanikia nguo kamba yangu, mita 70, unene milimita 9.8, niliyoiagiza nje, na nguo zenyewe zimetiwa jiki! Namuuliza, ananijibu "kamba ni kamba". Babake naye, ambaye anachechemea tangu alipoanguka mkarafuu, yuko upande wake. Nifanye nini niweze kupanda, kusafiri na kuishi na mke?
Mpanda Miamba

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kamba. Pole yenyewe ndiyo hiyo, sina nyengine.

Wasomaji wameona kipande tu. Barua kamili ilikuwa kurasa nne, na mimi nimezisoma zote na miwani yangu. Kamba nimeijua hadi unene wake. Mtoto nimemkuta ukurasa wa tatu, mara moja, na hapo umemtaja kwa sababu pesa ya tuisheni ilidaiwa na wewe ulikuwa foleni ya Namanga. Mkeo jina hana kabisa.

Nianze na haki yako, maana ni ndogo itakwisha upesi. Kamba hizo ni za nailoni, na jiki huila nailoni bila ya jicho kuona. Hiyo usiipandie tena hata ukiisuuza maji saba. Ikate, iwe ya kuanikia kweli. Nimeuliza kwa wanaojua, kwani mimi pahala pa juu nilipofika kwa miguu yangu ni ghorofa ya tano Michenzani, na nilishuka nimeukumbatia ukuta. Lakini mkeo nani alimwambia habari ya nailoni? Yeye ameona kamba nene imekunjwa uvunguni, na mashati meupe ya skuli yanataka jua.

Sasa tuje kwa mkweo. Umempita mzee wa watu mbio, kama daladala iliyojaa inavyopita kituo. Anachechemea, alianguka mkarafuu, basi, ukarudi kwenye kamba yako. Mwanangu, barua yote iko hapo!

Mkeo ni mtoto wa Pemba. Amekulia chini ya mikarafuu. Mkarafuu una ubaya wake: tawi halikupi habari, linakatika pale pale ulipolikanyaga. Baba yuko juu na pakacha lake, watoto wako chini wanaokota mpeta, zile karafuu zilizodondoka, wanapiga soga, mara kishindo. Kisha kimya. Kisha kelele za wanawake. Hukuniambia mkweo alianguka mwaka gani, lakini ukinitaka nibashiri, nitasema mkeo alikuwa mdogo na alikuwapo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wewe ung'ongo umemletea wa mita 70 ukauweka chini ya kitanda anacholala, kisha unaniandikia kwamba ananuna bila ya sababu.

"Ni mtu wa Pemba, mambo ya kupanda hayajui," umesema ukurasa wa pili. Nilicheka peke yangu. Kupanda anakujua. Na kuanguka pia anakujua, tena kuliko wewe, ambaye hujaanguka hata mara moja, Mungu akuhifadhi.

Halafu huyu rafiki. Nimemhesabu mara kumi na moja. Rafiki alinisubiri, rafiki amenishikia kamba, rafiki anasema nina mikono mizuri. Kiswahili chetu kina sitara kubwa: mtu anaweza kuandika kurasa nne na msomaji asijue kama ni Hamadi au Halima. Wanaume nawajua. Mwenye rafiki mwanamme humtaja jina, akaongeza na timu anayoishabikia. Sikushitaki. Huenda ni Hamadi mwenye ndevu hadi kifuani. Lakini ikiwa mimi nisiyekujua nimejiuliza kwa kusoma mara moja, mkeo amejiuliza mara ngapi? Na hata akiwa Hamadi, wewe mwenyewe umenieleza kwamba aliyekaa chini ndiye aliyeishika roho yako, akizubaa umekwisha. Roho ya mume wake iko mkononi mwa mtu ambaye hata sura yake haijui.

Umenisifia na ule mnara wa jiwe wa Fischer kule Hell's Gate, Naivasha, mita 25 umesimama peke yake, ukanisomesha na historia ya Mjerumani Gustav Fischer wa mwaka 1883. Ahsante. Ila Wamasai wana habari yao kongwe juu ya jiwe hilo. Wanasema ni binti wa mkubwa wao aliyekuwa akipelekwa kwa mume, akakatazwa kugeuka nyuma, akageuka kutazama kwao mara ya mwisho, akawa jiwe. Kwa hiyo wewe unakaa saa mbili kwenye boti, halafu basi kutwa au kucha, unavuka mpaka, ukamkumbatie bi harusi wa jiwe. Wa kwako yu hai, yuko uani anaanua nguo.

Ndoa za siku hizi zinanichosha. Zamani wanaume walikuwa na mapenzi yao pia, tusidanganyane: bao, mpira, resi za ngalawa. Marehemu mume wangu kwa bao alikuwa kama mgonjwa. Lakini bao lilikuwa barazani. Chungu kikiiva unamtuma mtoto, "kamwite babako", na akija ananuka jasho na tambuu, unajua alikuwa wapi na kina nani. Siku hizi furaha ya mtu iko nchi ya pili, ina pasipoti, na ukiuliza unaambiwa humwelewi. Na wanawake nao wamo, msijifiche, vikundi vya safari za Dubai navijua.

Kuhusu ule ushauri uliopewa, ulioutaja baruani, mpige vyuma vya kushikia kamba kwenye majabali ya pwani yetu ili usisafiri tena: usiuharakie. Chumvi haina rafiki. Kule Krabi, Thailand, kwenye miamba ya chokaa iliyo karibu na bahari, hata vyuma vinavyosemwa havishiki kutu vilipasuka ndani kwa ndani, wakaingia gharama ya kuweka vya titani. Wewe pesa ya titani unayo? Tuisheni imekushinda.

Basi sikiliza. Kupanda sikukatazi, na sidhani kama mkeo anakukataza. Safari sita kwa mwaka ni nyingi kwa mtu mwenye mtoto wa skuli. Ziwe mbili, tatu ukijaaliwa, na tarehe aziseme yeye kwanza. Ramadhani uko nyumbani. Msimu wa karafuu unakwenda Pemba na mkeo, unachambua makonyo pamoja na wenzako.

Na huko Pemba, usiku watu wakitulia, kaa na mkweo. Mchukulie mkanda wako wa kupandia na kipande cha kamba kisichoguswa na jiki. Mwoneshe kamba inavyonyumbuka ili aliyeanguka asivunjike mgongo, na fundo linavyofungwa. Mwache aishike. Katika ukoo huo yeye ndiye atakayekuuliza maswali ya maana, kwa sababu ameshafika chini. Mkeo mwache asikilize kutoka mlangoni, wala usimwite.

Kamba mpya usinunue mpaka urudi. Na jina la huyo rafiki nilikuwa nataka uniandikie, lakini mimi niache. Mpe mkeo, na namba ya simu.