Muulize Mzee wa Saiti: Kabla zege halijafunika

Nilisimamia saiti kwa miaka 31 kabla magoti hayajanistaafisha, basi ninayoyajibu hapa ni ya mtu aliyekanyaga misumari. Safari hii nimechagua barua tatu. Zimetoka kwa watu watatu tofauti, lakini zote zinauliza msimamizi wa ujenzi ana kazi gani hasa.

*Shikamoo mzee. Nilikuwa fundi mkuu, na mwezi uliopita nimepandishwa kuwa msimamizi wa jengo la ghorofa nne. Tangu hapo nazunguka kutwa, nakagua tofali, nahimiza watu. Jioni nachoka kuliko nilipokuwa nashika mwiko, na bado kazi ziko nyuma. Mkandarasi ananiambia "simamia kila kitu". Kila kitu ndiyo nini? – Msimamizi Mgeni*

Marahaba, mwanangu. Kwanza weka huo mwiko chini. Najua mkono unawasha ukiona tofali limekaa upogo. Mwambie fundi mkuu wako, kisha upite. Ukisimama pale saa nzima kumwonyesha mtu namna ya kupanga, nani atajua kama nondo za wiki ijayo zimeagizwa?

Fundi anaishi leo. Wewe unatakiwa uishi wiki tatu mbele. Mimi kila Ijumaa mchana nilijifungia na ratiba, nikachukua kazi za wiki tatu zinazokuja moja moja, na kila moja nikaihoji. Mchoro wake upo, na ni wa toleo la mwisho? Vifaa vimefika, au angalau vina tarehe ya kufika? Mafundi wake wapo? Kazi inayoitangulia itakuwa imekwisha? Kuna mtu anayepaswa kuja kukagua kwanza? Jibu moja likiwa "hapana", kazi hiyo haitafanyika hata upige kelele hadi sauti ikauke. Kazi zako ziko nyuma kwa sababu unaukuta upungufu asubuhi ile ile mafundi wanapouhitaji.

La pili ndilo ninalotaka ulishike zaidi. Kujenga ni kufunika. Udongo unafunika msingi, zege linafunika nondo, lipu inafunika mabomba, dari inafunika nyaya. Ukuta wa tofali utaukagua leo, na ukitaka hata kesho. Nondo za slabu, yaani sakafu ya zege ya ghorofa, una saa chache tu za kuziona, halafu hakuna atakayeziona tena mpaka jengo livunjwe. Kwa hiyo usiyagawe macho yako sawasawa. Yapeleke kwenye kitu kinachokaribia kufunikwa.

Nilijifunza hilo kwa aibu. Jengo langu la pili nikiwa msimamizi, tulianza kumwaga slabu ya ghorofa ya kwanza saa 12 asubuhi, nami kifua mbele. Kwenye saa 4 fundi bomba akapanda ngazi, akatazama, akaniuliza kwa upole: "Mzee, matundu ya vyoo mmeyaacha wapi?" Hatukuyaacha. Mchoro wa mabomba ulikuwa kwenye droo ya meza yangu, na mimi nilikagua kwa mchoro wa nondo peke yake. Ikabidi baadaye tutoboe zege lililokauka, tena kwa kumwita mhandisi aonyeshe mahali ambapo tundu halitakata nondo inayobeba mzigo. Wiki mbili zikaenda. Fundi bomba hakuwa na kosa lolote. Kazi ya kuiweka michoro yote juu ya meza moja kabla ya kumwaga ilikuwa yangu.

Toka siku hiyo sikuruhusu zege bila kuzunguka mwenyewe, na fundi nondo upande huu, fundi bomba na fundi umeme upande ule. Hesabu nondo, pima nafasi kati yake, angalia urefu wa maungio, pale nondo mbili zinapopishana. Inama uone kama zile biskuti za zege, vipande vidogo vya kuinua nondo, zipo chini yake. Nondo ikilala juu ya mbao itakosa zege la kuifunika, unyevu utaifikia, itapata kutu, na kutu huvimba ikapasua zege lenyewe. Tikisa mirunda, zile nguzo za miti zinazoshikilia mbao za slabu. Slabu ya unene wa milimita 150 ina uzito wa kilo 360 hivi kwa kila mita ya mraba, na zege likiwa bado bichi uzito wote huo unaning'inia kwenye mbao zako. Zege likifika, lipime kwa ile koni ya chuma ya kimo cha milimita 300: jaza kwa tabaka tatu, kila tabaka uchome mara 25, inua koni, upime zege limeshuka kiasi gani. Limeshuka kupita kiwango mlichoandikiwa? Likatae. Na yule kijana anayeongeza maji "lilainike" mkamate mapema, maana maji ya ziada hutoka na nguvu ya zege.

Kuhusu michoro, kuna mkasa ambao kila msimamizi anapaswa kuujua. Mjini Kansas City, Marekani, hoteli moja ilikuwa na njia za kutembelea zilizoning'inizwa juu ya ukumbi. Usanifu wa kwanza ulikuwa na fimbo ndefu za chuma zinazoshuka moja kwa moja kutoka darini na kubeba njia mbili, moja juu ya nyingine. Wakati wa ujenzi kila fimbo ikabadilishwa ikawa mbili fupi, kwa sababu ilikuwa rahisi kufunga. Kumbe kwa badiliko hilo njia ya chini ikawa imening'inia kwenye boriti za njia ya juu, na maungio ya juu yakabeba mzigo maradufu. Tarehe 17 Julai 1981 yaliachia, wakafa watu 114. Kwa hiyo fundi akikuambia "tukifanya hivi ni rahisi zaidi", msikilize, huenda ana akili nzuri kuliko mchoro. Lakini mwandikie mhandisi, na kazi isubiri jibu lake la maandishi lililotokana na hesabu. Wewe huna mamlaka ya kusema "poa, fanyeni".

Usalama nao si wa mtu mwingine. Nitataja mtaro tu, kwa sababu watu huuogopa kidogo kuliko jukwaa la ghorofa ya nne. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu au zaidi. Aliyefukiwa hadi kifuani anaweza kukosa pumzi hata kama kichwa kiko nje. Mtaro ukifika kina cha mita moja na kitu, usimshushe mtu kabla kingo hazijazuiwa au kulazwa mteremko, na udongo uliochimbwa usirundikwe ukingoni.

Mwisho, daftari. Kila jioni andika hali ya hewa, idadi ya watu, vilivyopokelewa, waliotembelea na walichoagiza. Maagizo ya mdomo yaandike siku hiyo hiyo na kumrudishia aliyeyatoa. Utaona uvivu. Andika.

*Mzee, najenga nyumba yenye ghorofa moja. Slabu imemwagwa siku ya kumi sasa na inagongwa kama jiwe, lakini msimamizi hataki kutoa mirunda chini, na mbao nimezikodi kwa siku. Hanichezei huyu? – Mama Mwenye Nyumba*

Hakuchezei, mama. Mwambie nimempa mkono. Zege hukauka juu mapema, lakini nguvu yake hupanda taratibu. Likitunzwa vizuri, siku ya saba huwa na kama theluthi mbili ya nguvu iliyokusudiwa, na kipimo chenyewe huhesabiwa kwa siku 28. Mbao za pembeni mwa nguzo hutoka baada ya siku moja au mbili kwa kuwa hazibebi kitu. Mirunda chini ya slabu ndiyo inayoibeba, na tarehe ya kuitoa husemwa na mhandisi kwa kutazama upana wa chumba na majibu ya vipimo. Baridi nayo huchelewesha zege. Tarehe 27 Aprili 1978, huko Willow Island, West Virginia, Marekani, jukwaa la mnara wa kupozea maji lilikuwa limeshikizwa kwenye zege lililomwagwa siku moja tu kabla, na usiku ulikuwa wa baridi. Zege liliachia, wakafa wafanyakazi 51.

Ila kuna jambo ninalomlaumu huyo msimamizi wako: siku za kukodi mbao alipaswa kukuhesabia kabla hujazikodi. Hilo muulize kwa haki kabisa. Na ukipita pale, angalia kama slabu inamwagiwa maji, maana huko ndiko kulitunza zege.

*Je, kazi ya msimamizi inaisha siku ya kukabidhi funguo? – Msomaji*

Haiishi. Kabla ya makabidhiano anapita chumba kwa chumba na orodha ya kasoro: mlango unaogusa sakafu, bomba linalovuja, soketi iliyokufa. Kisha mikataba mingi huwa na kipindi cha uangalizi, mara nyingi miezi sita au kumi na miwili, ambapo sehemu ya malipo ya mkandarasi huzuiwa hadi kasoro zitakazojitokeza zirekebishwe. Anayezifuatilia ni msimamizi. Mdai pia michoro ya jengo kama lilivyojengwa, si kama lilivyopangwa, pamoja na picha za kuta kabla ya lipu. Siku utakapotaka kutundika kabati jikoni, utahitaji kujua bomba limepita wapi.