Mkuu, usimimine hiyo flava ya keki kwenye juisi ya vepu

Simama hapo hapo ulipo. Umeandika kwamba umeshanunua lita mbili za flava Kariakoo, moja ya chungwa na moja ya kastadi, unataka kuchanganya juisi ya vepu, yaani ile ya sigara ya umeme, jikoni kwako uuzie washkaji, na unauliza glisirini iwe kiasi gani, nikotini kiasi gani, chupa na stika utapata wapi, na uuze bei gani. Kisha ukamalizia na sentensi iliyonifanya niinuke kitandani niwashe taa: "Flava ni za chakula kabisa, kwa hiyo upande wa usalama niko sawa."

Hauko sawa. Sentensi hiyo niliisema mimi mwaka 2021 na ikanilaza wodini siku tisa.

Nilikuwa nimeacha sigara, navuta vepu, na juisi ya dukani inanimalizia mshahara. Nikaamua kuchanganya mwenyewe. Glisirini nilipata, propilini glaikoli nilipata (hayo mawili ndiyo maji ya kubebea nikotini na ladha), nikotini aliniletea jamaa kutoka Dubai. Ikabaki flava. Zile za vepu zilikuwa kichupa cha mililita 30 kwa bei ambayo duka la vifaa vya keki walinipa nusu lita. Nikaingia pale dukani na sikumficha muuzaji. Nilimwambia, "Kaka, hii nataka kuvuta, inafaa?" Akageuza chupa, akanionyesha kwa kidole palipoandikwa ni ya chakula, akasema, "Watoto wanaila kwenye keki kila siku, itakudhuru wewe mtu mzima?" Nikaona ana hoja. Na yule wa video za mtandaoni niliyekuwa namfuata kila wiki alishasema hivyo hivyo, kwa kujiamini, koti jeupe mwilini, kumbe haijui maabara hata kwa mlango. Nikabeba chungwa, mnanaa na kastadi.

Juisi ya chungwa niliichanganya jioni. Asubuhi nikakuta pete ya manjano shingoni mwa chupa, nyembamba kama uzi. Nikaitikisa, ikapotea, juisi yote ikawa na ukungu kama maji ya mchele. Kesho yake pete imerudi. Wiki ya pili tangi la plastiki la vepu yangu likaanza kufanya nyufa ndogo ndogo kwa ndani, kama kioo cha gari kilichopigwa kijiwe. Nikafanya nini? Nikanunua tangi la kioo. Kitu kinapasua plastiki mbele ya macho yangu, mimi nikabadilisha plastiki, mapafu nikaendelea nayo yale yale.

Ile pete ilikuwa mafuta. Flava nyingi za chungwa za kuokea ni mafuta ya ganda la chungwa, au ni harufu iliyoyeyushwa ndani ya mafuta ya kupikia ili istahimili joto la oveni. Ukiyala, tumbo linayasaga na mchezo umekwisha. Mapafu hayana kazi hiyo. Seli zake zinayameza yale matone na kubaki nayo, panavimba, pumzi inabana, na hiyo ni nimonia ambayo antibaotiki haziigusi. Mimi nilizinywa dozi mbili za duka la dawa, nikisema ni kifua cha kawaida. Siku niliyoshindwa kumaliza ngazi za ghorofa moja, mke wangu aliita bajaji bila kuniuliza. Daktari alitazama picha za kifua muda mrefu, akauliza, "Unavuta nini?" Nikamwambia. Akauliza, "Kina mafuta?" Nikajibu hapana daktari, ni flava ya chakula. Hakunigombeza. Aliniambia niilete chupa, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaniita niitazame ile pete.

Kulazwa kwangu bado silo linaloniuma zaidi. Nilikuwa nimeshauza chupa 64. Na shemeji yangu ana pumu. Huyo sikumuuzia, nilimpa kastadi bure siku ya Idi, nikamwambia ni safi kuliko sigara zake, nimeitengeneza kwa mikono yangu. Nilipotoka hospitali dada yangu akaniambia mumewe analala ameketi, wiki ya tatu sasa, pampu anaipuliza mara nne kwa usiku. Hakuwahi kuishuku juisi kwa sababu imetoka kwangu. Nilizunguka mji mzima kukusanya chupa na kurudisha hela za watu, zikanitoka 1,300,000. Chupa 11 hazikurudi.

Ndipo nikaanza kuandika barua pepe. Anwani ya mtengenezaji wa kastadi ilikuwa kwenye lebo siku zote, mgongoni, maandishi madogo. Nikaomba karatasi ya viambato na usalama. Walinitumia baada ya siku mbili, bure! Ndani yake kulikuwa na daiasetili, na mstari mmoja unaosema bidhaa ni ya kutumika kwenye chakula na haijapimwa kwa matumizi ya kuvutwa. Siku mbili na barua pepe moja. Muuzaji hakuwahi kuiomba, wa video hakuwahi kuiomba, na mimi niliyeweka stika yenye jina langu sikuwahi kuiomba.

Daiasetili ndiyo inayotoa ile harufu ya siagi. Mwaka 2000 huko Jasper, Missouri, Marekani, waligundulika watu wanane waliowahi kufanya kazi kwenye kiwanda kimoja cha bisi, wote wana ugonjwa adimu wa kuziba kwa vijia vidogo vya hewa, makovu yasiyorudi nyuma. Wengine walikuwa tayari kwenye foleni ya kupandikizwa mapafu. Wachunguzi wa NIOSH, taasisi ya Marekani ya afya kazini, walikuta hewa mbaya zaidi ilikuwa kwenye chumba cha kuchanganyia, pale mtu anapomimina flava ya siagi kwenye tangi la mafuta ya moto. Bisi hizo watu walikuwa wanazila salama. Aliyeumia ni aliyevuta mvuke wake. Mwaka 2016 taasisi hiyo ya Marekani ikapendekeza kikomo kwa mfanyakazi: sehemu 5 za daiasetili kwa kila sehemu bilioni za hewa kwa siku ya kazi. Bilioni, mkuu. Na wewe ndiye unayetaka kuwa mchanganyaji.

Nisieleweke vibaya. Sisemi imethibitishwa kwamba vepu imeleta ugonjwa ule wa kiwanda cha bisi kwa wavutaji, na moshi wa sigara wenyewe una daiasetili nyingi kuliko juisi nyingi. Najua mtu atakuja na hoja hiyo hapa chini. Lakini kwenye sigara inatokana na kuungua kwa tumbaku, huwezi kuitoa. Kwenye juisi mtu ameitia kwa mkono wake ili ionje vizuri. Uingereza waliiondoa kwenye juisi za vepu kwa sheria mwaka 2016 na watu wanaendelea kuvuta. Kwa hiyo kumbe inawezekana.

Halafu wale wa flava za vepu zenyewe, wenye bei za kuumiza, nao nina neno nao. Mwaka 2014 watafiti walipima sampuli 159 za ladha tamu kutoka nchi saba, na karibu asilimia 74 zilikutwa na daiasetili au nduguye asetili propionili. Huyo ndugu ndiye wanayemtumia wakitaka kuandika "haina daiasetili" kwenye chupa. Kwa panya wa maabara anaharibu njia za hewa vile vile. Huo ni ujanja wa kubadilisha jina la mwizi, na mwenye kiwanda anaujua, kwa sababu mashine ya kupimia anayo yeye. Mimi na wewe pua zetu hazitofautishi siagi na siagi.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: hakuna karatasi, hakuna kuvuta. Karatasi ya bachi hiyo hiyo uliyoishika, namba zifanane na za kwenye chupa, ionyeshe harufu imeyeyushwa ndani ya nini, na itaje kwa tarakimu daiasetili na asetili propionili zote mbili. Ikisema mafuta ya mboga, ya nazi, ya chochote, rudisha dukani. Muuzaji akikwambia "niamini", ondoka. Hata karatasi yenyewe haimalizi yote, maana baadhi ya ladha kama vanila zikikaa kwenye propilini glaikoli zinazaa kemikali mpya ndani ya chupa, watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walilionyesha mwaka 2018. Lakini bila karatasi huna hata pa kuanzia.

Na usiniambie "mbona ni kidogo tu." Wamarekani zaidi ya 2,800 walilazwa au wakafa kwa mapafu kuanzia mwaka 2019 hadi Februari 2020, waliokufa wakiwa 68, na wengi wa wagonjwa walivuta vepu za bangi za mitaani zilizotiwa vitamini E asetati kama mafuta ya kuzimulia. Walipopima majimaji ya mapafu ya wagonjwa 51, wakaikuta kwa 48. Vitamini hiyo tunaimeza kwenye vidonge, dada zetu wanajipaka usoni. Iko salama kwenye ngozi, iko salama tumboni. Zile vepu nazo zilitengenezwa mitaani, na wengi walionunua walinunua kwa rafiki, kwa ndugu, kwa muuzaji wa mtaani. Ukishabandika stika yako kwenye chupa, wewe ndiye kiwanda. Mteja hataulizia ulikonunua flava, atamuulizia aliyemuuzia.

Shemeji anaendelea vizuri sasa, vepu kaacha na sigara kaacha. Mimi nikipanda ngazi bado nasimama kidogo.

Glisirini na bei ya kuuzia watakujibu wengine. Leo fanya hivi: chukua glasi ya maji, dondoshea tone moja la ile ya chungwa, lisogeze kwenye mwanga uone kama linaelea na kufanya rangi rangi kama dizeli kwenye dimbwi. Likielea, ni mafuta. Lisipoelea, bado hujui kilichomo. Kisha piga picha lebo za chupa zote mbili, mbele na nyuma, hasa yale maandishi madogo, uziweke hapa kabla hujachanganya chochote. Barua pepe ya kuomba karatasi nitakuandikia mimi.