Texas: "County Judge" si DC (mkuu wa wilaya), na kesi yako haiendi kwake

Mkuu, umeuliza mambo mawili kwa mpigo. Mwenye nyumba huko Fort Worth kakupa barua ya kuhama, polisi naye kakuandikia faini ya mwendokasi, na unataka kujua kama County Judge ndiye wa kumwendea, kama ambavyo nyumbani ungeenda kulia kwa DC. Mimi Texas nimekaa muda, na nimewasindikiza Waswahili wenzangu wengi kwenye hizi mahakama.

Huyo County Judge mwache. Kwenye kaunti kubwa kama hiyo yenu ya Tarrant kesi hasikilizi. Anaongoza kikao cha watu watano, yeye na makamishna wanne, kinachopanga bajeti, kodi ya majengo, barabara na jela ya kaunti. Kikao chenyewe wanakiita Commissioners Court na wala si mahakama! Kwenye kaunti ndogo ndiyo utamkuta anasikiliza mirathi na makosa madogo. Kaunti ziko 254 na zote zina kikao hichohicho: Harris ya Houston, yenye watu zaidi ya milioni 4.7 kwa sensa ya 2020, na Loving, iliyohesabiwa watu 64.

Halafu viongozi wengine wa kaunti hawezi kuwaamrisha. Sherifu, mwendesha mashtaka, makarani, mkusanya kodi, konstebo, kila mmoja kapigiwa kura yake. Katiba ya 1876 iliandikwa na watu waliochoshwa na gavana Edmund J. Davis, aliyejikusanyia madaraka baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, nao wakayatawanya makusudi. Majaji wengi pia wanachaguliwa, tena kwa tiketi ya chama. Hili hadi leo linanikera: jaji anachangiwa pesa za kampeni na mawakili walewale watakaosimama mbele yake.

Sasa barua yako. Hiyo si amri ya mahakama, usianze kufunga mabegi. Inakupa muda, mara nyingi siku 3 au kadiri mkataba unavyosema. Muda ukiisha na bado umo, mwenye nyumba anafungua kesi kwa Justice of the Peace, hakimu wa ngazi ya chini, wa eneo ilipo nyumba. JP, ndivyo wote tunavyomwita, anasikiliza madai yasiyozidi dola 20,000 na halazimiki kuwa mwanasheria. Wito wake ukikufikia, nenda, hata kama una homa. Nimeona mtu mwenye stakabadhi zote za kodi ya pango akishindwa kwa sababu tu hakutokea. Mapema kabisa mpigie karani uombe mkalimani wa Kiswahili, usimtegemee shemeji. Ukishindwa una siku 5 za kukata rufaa, Jumamosi na Jumapili zinahesabiwa, na mahakama ya kaunti inaisikiliza kesi upya tangu mwanzo kana kwamba JP hakusema kitu.

Faini ni rahisi zaidi. Ukiandikiwa na polisi wa mji, unaenda mahakama ya mji. Ukiandikiwa na watu wa sherifu au askari wa jimbo wa barabara kuu, ni kwa JP. Ngazi hiyo haifungi mtu kwa kosa la mwendokasi, ila ukiipuuza hati ya kukukamata inaweza kutoka. Makosa ya kifungo kisichozidi mwaka ni ya mahakama ya kaunti. Makosa mazito, na talaka kwa kawaida, yanaenda District Court, ambako juri ni watu 12 badala ya 6 wa huku chini. Juu kabisa kuna mahakama kuu mbili, moja ya madai na moja ya jinai, lakini huko wewe hufiki kwa tiketi ya barabarani.

Tazama karatasi ya polisi, jina la mahakama na tarehe ya mwisho ya kujibu vimo humo. Ukishavipata rudi uniambie, na useme kama mkataba wako wa nyumba umetaja siku za notisi.